Kalibu Isiyoachia

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, kalibu, lile umbo la chuma la kutengenezea vizibo, ilifunguka na vizibo vyote ishirini na vinne vikabaki ndani.

"Vimeng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la mbwa," alisema mwendesha mashine, akaanza kuving'oa kimoja kimoja kwa kibanio. Vilikuwa vizibo vya raba laini, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Vilichanika vyote.

Bi Kioo, fundi wa kung'arisha kalibu, alipitisha kidole juu ya uso wa chuma. Jina hilo alilipata kwa sababu chuma kikishapita mikononi mwake, mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akirudishia mng'aro kalibu zilizochakaa. Hii ndiyo ya mwisho: siku itakapoachia vizibo, anastaafu. Wiki ya tano hiyo.

Msimamizi aliinama na kioo cha kukuzia. Alikuwa ameletwa mwezi uliopita kutoka kitengo cha plastiki ngumu.

"Bado naona mikwaruzo, mama. Ing'arishe zaidi. Mpaka iteleze. Kabla ya hapo, samahani, sikuachii."

"Sawa, baba."

Mwana wa Bi Kioo alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, kama jana na juzi.

"Mmemfunga mama yangu kama mbuzi!" alimfokea msimamizi. Kisha akamgeukia mama yake, sauti ikalainika. "Chumba chako kipo tayari. Mke wangu ameshatandika kitanda."

"Na zana zangu za nyumbani?"

"Nimempa jirani. Za kazi gani tena? Kwangu hutashika hata kijiko, mama. Utakaa tu."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Lakini umesikia mwenyewe: mpaka iteleze."

Mwana akaondoka akisonya. Msimamizi naye akarudi ofisini. Mwendesha mashine akasukuma mlango, akashusha sauti.

"Mama, yule bwana ni wa plastiki, hajui. Lakini mimi ulinifundisha wewe mwenyewe: raba laini hugandia chuma kinachoteleza. Ukikiparuza kidogo kwa msasa mkavu, dakika kumi tu, vizibo vinaruka vyenyewe. Umesahau?"

"Sijasahau," alisema Bi Kioo.

Akafungua kikopo cha rojo la almasi la kung'arishia, lile laini kuliko yote, akaanza kusugua.