Miluzi ya Roshani ya Juu

Mluzi wa kwanza ulitoka roshani ya juu kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Oreste hakuinua macho. Desturi ya Milano ndiyo hiyo: mtunzi wa opera mpya hukaa kwenye kinanda, katikati ya wapiga ala, siku tatu za mwanzo, watu wamwone akipigiwa makofi. Au akizomewa kwa miluzi. Kunyanyuka marufuku.

Opera hii ilimla miaka minne. Ikipendwa, angebaki mjini atunge nyingine. Ikikataliwa, basi tena, arudi kwao milimani akapige kinanda cha kanisa mpaka afe. Padri alikuwa bado anamshikia nafasi.

Mluzi wa pili. Mara roshani nzima.

"Ni lile pande la mtu lenye skafu ya njano," mpiga fidla alimnong'oneza. "Ndiye anayewaanzishia. Yule hapigi mluzi bure, maestro. Katumwa."

"Pandolfi!" Nani mwingine? Pandolfi, mtunzi mwenzake, alikuwa analimezea mate jukwaa lile lile. "Mshenzi yule, husuda itamuua."

Akapiga mpaka mwisho, maganda ya machungwa yanamdondokea mabegani. Wimbo wa binti mfungwa, alioutunga huku analia, jamani, hakuna hata mmoja aliyeusikia.

Nyumbani, mkewe Ersilia alimvua koti, akamkumbatia. Oreste akayaona masikio yake matupu. Hereni za marijani alizoachiwa na mama yake, moja ina ufa, Ersilia alisema ameziuza awalipe walionakili nota.

"Nisamehe, mke wangu. Hereni zako zimekwenda bure."

"Hazikwenda bure. Usiseme hivyo." Alikuwa akimpangusa uso kwa mkono wa gauni lake. "Milano inakumaliza, Oreste. Miaka minne hulali, huli, mimi naongea na mgongo wako tu. Twende nyumbani, baba. Kanisa linakungoja."

Oreste akalia kama mtoto, akakubali. Angalau alikuwa na mtu mmoja duniani.

Asubuhi mwenye ukumbi aliifuta opera. Mchana walikuwa wameshaketi kwenye gari la farasi, nota zimefungwa guniani, Ersilia anamenya yai la njiani. Ndipo Oreste alipoiona skafu ya njano ikikatiza uwanja. Lile pande la mtu, na mwanamke kamshika mkono.

Hasira zikampanda. Akachungulia dirishani. "We! Pandolfi kakupa nini?"

Mtu yule hakumtazama hata kidogo. Alivua kofia, akamwinamia Ersilia kwa heshima zote. Mwanamke aliyekuwa naye akatabasamu, akatikisa kichwa kusalimu, na masikioni mwake zikachezacheza hereni za marijani, ya kushoto ina ufa.