Usishushe Mkono

"Usishushe mukono," Mama Blandine alisema tena, bila hata kugeuka. "Ukishusha, damu ya muzee itarudia mu mupira. Ile ndiyo kazi yako leo."

Stany akauinua juu zaidi mfuko wa serumu, maji ya dripu yaliyoshuka kwa mpira hadi mshipani mwa mzee. Bega lilikuwa linawaka. Jasho lilimtiririka kutoka kisogoni hadi kiunoni, na mguu wake wa kushoto, usio na kiatu, ulikuwa umezama katika tope la maji ya klorini.

Hema la kolera lilisimama ubavuni mwa zahanati, chini ya kilima cha mchanga wa mgodi, na siku hiyo lilikuwa limefurika. Vyuma vya kutundikia serumu vilikuwa vimekwisha. Kamba ya hema ilikuwa imebeba mifuko mingi mpaka ikalegea kama ya kuanikia nguo. Mgonjwa aliyekosa chuma alitegemea mkono wa mtu wake. Ndivyo walivyozoea pale. Mama Blandine, muuguzi, alikuja na sindano, akamkuta Stany kando ya kitanda akihema, akamsukumia mfuko. Stany alipofungua mdomo aseme neno, aliambiwa anyamaze na ainue.

Mzee aliyelala pale alikuwa amekauka midomo na macho yameingia ndani. Ukimfinya ngozi ya mkono, ilibaki imesimama. Kolera ilikuwa imemkamua tangu alfajiri, na maji yote yaliyombakia duniani yalikuwa ndani ya ule mfuko.

Nje, makelele yakapasuka. "Mwizi! Mwizi!" Miguu ikapita mbio pembeni mwa uzio. Stany akatazama mlango.

"Banatafuta mwizi wa pikipiki," Mama Blandine alisema, akimsaka mgonjwa mwingine mshipa. "Bakimukamata, batamuchoma. Bantu ba leo habana huruma."

"Mama, mi nilitaka kutoka kidogo."

"Na nani atakamata serumu? Mi? Niko na bagonjwa hema muzima. Baba iko mumoja tu, mwana. Simama."

Akasimama. Hata mbuzi wa sokoni hufungwa kwa kamba nene; yeye, mwanamume mzima, mchimbaji wa shaba, alikuwa amefungwa na mpira mwembamba kuliko uzi wa kiatu.

Mzee akafungua jicho. Hakuona vizuri, aliona kivuli tu.

"Mwana, uko hapa?"

"Niko hapa, tata."

"Pikipiki iko wapi? Usiache bantu bayibe."

"Iko nje, tata. Usihangaike." Stany akabadilisha mguu, na ufunguo uliokuwa mfukoni ukamchoma paja.

Makelele yakahamia upande wa reli, yakafifia. Mama Blandine akaitwa mwisho wa hema na mwanamke aliyekuwa anatapika. Mlinzi wa mlangoni, na pampu yake ya klorini mgongoni, akatoka nje kutazama fujo imeishia wapi. Pazia likabaki wazi. Stany aliona jua, barabara nyekundu, na malori ya kwenda Fungurume yakipita polepole. Njia ilikuwa nyeupe. Kolera haina ndugu, na kila mtu ana roho moja tu. Akaanza kuushusha mfuko, auweke kifuani mwa mzee, aende zake.

Damu ikapanda ndani ya mpira. Uzi mwekundu, taratibu, ukielekea juu.

Mzee alitafuta kidole cha Stany, akakishika.

Stany alitukana kimoyomoyo. Alimtukana mzee, akamtukana Mama Blandine, akajitukana na yeye mwenyewe kwa kuzaliwa na moyo laini mahali pagumu. Kisha akainua mkono. Damu ikarudi chini, matone yakaanza kudondoka tena. Alikuwa na hofu ambayo hata shimoni, udongo ukilia juu ya kichwa, hakuwahi kuionja. Lakini hakuondoka.

Mfuko wa kwanza ulikwisha, wa pili ukafungwa. Mzee akalamba midomo, akauliza kama kuna uji.

"Anarudi!" Mama Blandine alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Stany usoni na kutabasamu. "Uko mwana muzuri, we. Bengine banatupa bazazi hapa, banakimbilia mambo yabo."

Stany akainamisha kichwa. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, lakini ulikuwa juu.

Ndipo mwanamume mmoja alipoingia kwa kishindo, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Mkono wa kulia alishika jiwe, na wa kushoto alikuwa na kitu amekibana kwapani.

"Toka!" Mama Blandine akafoka. "Mugonjwa moja, muntu moja! Ule muzee iko na mwana wake tayari."

Mtu yule hakumsikia. Alimwangalia mzee. Kisha akamwangalia Stany, kuanzia usoni, akashuka polepole mpaka kwenye ule mguu mtupu. Jiwe likapanda.

"Kamata," Stany akamwambia, akimnyooshea mfuko. "Na mikono yote mbili. Ukishusha, baba yako anakufa."

Jiwe likaanguka topeni, na kiatu cha kushoto kikatoka kwapani kikalifuata. Stany akakivaa, akaweka ufunguo wa pikipiki katika kiganja cha mzee, akatoka bila haraka. Mwenye pikipiki alifungua mdomo apige kelele, akautazama mpira, akauinua mfuko juu zaidi.