Ndoo ya Jirani

Vichujio vya maji viligawiwa kwa kura, nyumba hii ipate, ile ikose, ili wataalamu waone watoto wa wapi wataugua zaidi. Bi Mashavu alikosa. Mjukuu wake alipoanza kuharisha, jirani yake Mwanahamisi, aliyepata kichujio, alimletea ndoo ya maji yaliyochujwa.

Kijana wa utafiti akamzuia mlangoni kwa Bi Mashavu, mkono ukikingama. "Mama, usiwape. Utaharibu majaribio. Mwakani nao watapata."

"Mwakani!" Mwanahamisi alifoka. "Siku ya kiama Mungu akikuuliza habari ya maji haya, utamjibu majaribio?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

"Basi mwite aliyekutuma, aje amtazame mtoto huyu usoni, kisha amnyime."

Bi Mashavu, akiwa ndani, alikuwa amekwisha kupenyeza kikombe chini ya mkono wa kijana na kuchota ndooni. Kikombe kiligonga meno madogo ya mtoto, na kijana akabaki amesimama, mkono wake ungali umeziba mlango.