Kava la Buluu

Namba ya siri ya simu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja cha yule mama, naye alimfunulia fundi kiganja hicho kama mtoto aliyeambiwa aonyeshe kama amenawa.

"Mkwe wangu ndiye kaiandika," alisema. "Simu ni yake. Inawaka, lakini vitu vyake vyote vya ndani vimelala."

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani Miwili kwa kuwa alivaa moja machoni na nyingine juu ya paji la uso, aliigeuza simu mkononi. Kwenye kona ya chini ya kioo palikuwa na maneno mawili madogo: Hali salama. Akamweleza mama kwamba simu haijafa, imejifungia tu. Ikiwa hivyo hupiga na kupokea kwa njia ya kawaida, lakini yale ambayo mtu ameyaongeza mwenyewe, ya kutumiana sauti na picha, haiyafungui hata uibembeleze vipi.

"Yaani inasema iko salama, na kazi haifanyi," alitania. "Kama mlinzi aliyelala."

Mama hakucheka. Alivuta kigoda mpaka kikagusa ukuta, akakaa pale ambapo angeweza kuona mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Fundi akadhani ni vumbi la barabarani.

Habari yenyewe aliitoa kidogo kidogo. Mwanawe yuko kazini nchi ya mbali, na mkewe humpigia kwa mtandao tu, maana kwa njia nyingine salio linakwisha hata salamu hazijakwisha. Sasa ni siku ya tisa mke hajasikia neno lake. Ana mimba kubwa, miguu imevimba, presha imepanda, daktari amemwamuru alale. Lakini halali. Kutwa nzima kaishika simu, anaizima na kuiwasha, anaizima na kuiwasha.

"Nisingeileta mimi, angeileta mwenyewe na miguu ile," mama alisema. "Nilimkuta keshavaa kandambili."

Fundi aliizima akaiwasha. Maneno yakarudi palepale. Akapiga brashi matundu yote, akawasha tena, yakarudi. Ndipo akashusha miwani ya pili na kulitazama kava. Lilikuwa la mpira, la buluu, la simu ndogo kuliko ile, limevutwa likaenea kwa shida kama soksi ya mtoto kwenye mguu wa mtu mzima. Ukingo wake ulikuwa umekalia kitufe cha kupunguza sauti. Akalichomoa kwa ukucha, na kitufe kikaruka juu kama kilichopumua.

"Adui ndiye huyu," alisema. Simu ikiwashwa huku kitufe hiki kimebanwa, hujifungia. Kila mkwe alipokuwa akiizima na kuiwasha ili ipone, kava lilikuwa linamrudisha kulekule.

Mama aliomba arudie. Kitufe kipi? Kibanwe mpaka lini? Fundi akarudia taratibu, akifurahi kupata mwanafunzi msikivu, kisha akalitupa kava kwenye ndoo ya takataka.

Simu ikawaka. Safari hii kona ilikuwa tupu. Muda si muda ikaanza kutetemeka juu ya meza, ujumbe ukiingia juu ya ujumbe, ikawa inatambaa kuelekea ukingoni mpaka fundi akaidaka. Majina ya watu yakawa yanapandana kwenye kioo. Mama akakifunika kwa kile kiganja chenye namba.

"Hizo usizisome, mwanangu, zina mwenyewe. Nitafutie ya kwake tu. Ipo?"

Ilikuwepo moja, ya sauti, ya siku tisa nyuma, saa kumi na moja jioni. Mama akamwomba apunguze sauti, kisha akaiweka sikioni.

Hata hivyo fundi alisikia. Kijana alikuwa akicheka, na nyuma yake magari yakipiga honi. Alisema leo wamefunga kazi mapema. Alisema mama asiachwe anyanyue ndoo, maana anajiona bado msichana. Alisema jina la mtoto amelipata, ila hatalitaja mpaka apige kesho.

Mama aliisikiliza mara tatu. Halafu akatoa mkobani simu yake mwenyewe, ya vitufe, iliyofungwa kwa raba, akauliza kama sauti ile inaweza kuhamia humo.

"Inawezekana, mama. Lakini ya nini? Akipiga si utamsikia mwenyewe?"

"Niwekee tu."

Akamwekea. Alipomaliza, alifuta kioo cha simu ya mkwe, akamkabidhi na kumhimiza awahi nyumbani akamtoe mtu wasiwasi. Mama alishukuru, akamwombea kwa Mungu aibariki mikono yake. Kisha akainama kwenye ndoo ya takataka, akalitoa lile kava la buluu, akalipangusa kwa upindo wa nguo.

Akaizima simu. Akaivalisha kava, kona baada ya kona, akabana kwa kidole gumba palepale alipoonyeshwa, akaiwasha.

"Mama, utaifunga tena," fundi alisema, akinyoosha mkono.

Hakumpa. Alisubiri mpaka yale maneno mawili yakarudi kwenye kona.

"Walimzika hukohuko Jumanne," alisema. "Mkewe kabakiza wiki mbili ajifungue, na nyumbani tumekubaliana hakuna kulia mpaka mtoto afike."