Kikombe cha Uji

Siku ya mtihani wa vitendo, mwalimu alisimama dirishani na karatasi ya alama. Kazi ya Sikitu, mwanafunzi wa tiba ya watoto wenye ulemavu, ilikuwa kumfundisha mtoto kunywa mwenyewe. Mtoto huyo, Shukuru, alikuwa na miaka saba, na mikono yake ilikuwa imekakamaa tangu kuzaliwa. Mbele yake kiliwekwa kikombe cha plastiki chenye vishikio viwili, uji nusu.

Sikitu alikwisha kufeli mtihani huu mara moja, kwa sababu alikimbilia kumsaidia mtoto. Safari hii aliikalia mikono yake.

Shukuru alikishika kikombe, kikayumba, uji ukamwagikia shati lililopigwa pasi asubuhi ile. Mama yake, aliyekuwa ameketi kando yake, akainuka.

"Nyumbani namnywesha mwenyewe," alisema. "Hajawahi kushinda na njaa hata siku moja. Wewe dada umekaa tu unamtazama?"

"Namsubiri, Mama Shukuru."

"Mpaka lini?"

Vidole vya Sikitu vilikuwa vimeanza kufa ganzi chini ya mapaja yake. Mama alinyoosha mkono kukichukua kikombe, lakini Shukuru akakivutia kwake.

"Kaa," alisema mtoto, akilitafuta neno kwa shida. "Kaa, mama."

Mama akakaa. Mikono yake ilihangaika mapajani, haijui pa kwenda, kisha naye akaikalia.

Kikombe kikaondoka tena mezani, kikitetemeka. Kikapita kifuani, kikafika kidevuni, kikasimama hapo, na wanawake wawili, wakiwa wameikalia mikono yao, wakamsubiri amalizie mwenyewe.