Kofia ya Delfino

Mabehewa yetu mawili yanayoning'inia kwenye waya hupishana katikati ya mlima, moja likipanda kileleni, jingine likishuka. Desturi yetu madereva ni kuvuliana kofia kupitia kioo.

Kaka yangu Delfino, dereva wa behewa la pili, alinivulia yake kwa miaka sita. Mimi, tangu tulipogombania shamba la pilipili la mama, nilikuwa namgeuzia kisogo.

Leo asubuhi aliniachia tamale, vile vikate vya mahindi vya kuchemshwa kwenye maganda, kabatini mwangu kituoni, zingali moto. Basi nikavua kofia mapema.

"Mzee, unamsalimia nani huku juu, mwewe?" abiria mmoja akanitania.

"Kaka yangu. Subiri umwone atakavyoshangaa."

Behewa lake likatokea kwenye ukungu. Aliyeshika mitambo alikuwa mkata tiketi wa kileleni, analia, ameikumbatia kofia ya Delfino.

Yangu tayari ilikuwa mkononi.