Mkwe Asiyefumba Macho

Fundi miwani alikaa kibandani kwake akiiharibu miwani yake mwenyewe, tena kwa makusudi. Aling'oa vioo vyake vizito, akapachika vioo vitupu, vya kawaida kama vya dirisha. Akaivaa, akatazama nje. Barabara yote ikawa ukungu.

"Safi kabisa," akasema.

Jioni ile alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Na nyumbani kwa mchumba wake, kujitambulisha hakukuanza na salamu za familia. Kulianza na filamu.

Baba yake binti, mzee mwenye miwani mizito kuliko hata ya fundi, alikuwa na filamu moja tu duniani. Ya zamani, ya kutisha, ya mwili wa mtu kuharibika kidogo kidogo. Aliiona ujanani, na kwake yeye haijatengenezwa nyingine. Hawa wa siku hizi, alisema, wanamwagiana rangi nyekundu tu. Ile ni sanaa. Asiyeweza kuikodolea macho mpaka mwisho ni mwoga, na mwoga hapewi binti.

Wawili walishatimuliwa. Wa kwanza alicheka katikati, akatolewa nje kabla hajasema kinachomchekesha. Wa pili, loo, alisema anasikia njaa!

"Njaa, mbele ya filamu ile!" Mzee alifoka wiki nzima. "Yule si mtu, ni fisi."

Fundi hakuwa fisi. Akijikata na kioo kazini, hutazama pembeni mpaka mtu amfunge bendeji. Lakini alimpenda binti kufa, na binti alikuwa amemwambia wazi, "Baba akikukataa, mimi sina ujanja. Tafadhali, usiniangushe." Kisha akamsimulia filamu nzima, kama alivyoisikia kwa baba yake: daktari anajidunga dawa aliyoitengeneza, mwili unavimba, anajichanja kwa kisu, mwishowe anajitia mwenyewe ndani ya tanuri. Yeye na mama yake hawakuwahi kuitazama. Siku za filamu hujifungia jikoni.

Jioni hiyo pia, fundi alipofika, walijifungia.

"Ngoja ninywe maji kwanza," mzee akasema, akaenda jikoni. Akarudi akiimba kwa pua, akajigonga goti kwenye meza, akacheka peke yake. Fundi akamsikia akipapasa rafuni, kisha deki ya video ikaumeza mkanda.

"Bila sauti," mzee akatangaza. "Muziki unamwonya mtu. Sauti ni ya waoga."

Wakakaa bega kwa bega. Kwenye televisheni fundi aliona donge jeupe. Mikono ikalizamia, ikalivuta, ikalikunja, ikalipiga mezani. Mungu wangu, akajisemea, kumbe hata ukungu hautoshi.

"Dawa imeingia," mzee akasema. Sauti yake ilitetemeka kidogo.

"Imeingia, baba. Naona anavyoteseka."

"Unaona kweli?"

"Kila mshipa."

Kitu kama shuka kikafunuliwa. Donge lilikuwa limekuwa maradufu, limetuna, linang'aa. Fundi aliwaza uso wa mchumba wake, akang'ang'ania mkono wa kochi.

"Amevimba, baba!"

"Si nilikwambia?" Mzee akahema. "Sasa subiri kisu."

Kikaja kitu chembamba, kikamchanja daktari mgongoni mara tatu, taratibu, bila huruma yoyote.

"Kisu hicho!" fundi akapiga kelele.

"Hicho hicho!" mzee akaitikia, kwa furaha iliyochanganyika na kitu kingine. "Wewe una jicho, mwanangu. Wale wengine walikuwa vipofu watupu."

Kisha mlango ukafunguka kwenye ukungu, na ndani yake kulikuwa na wekundu wa moto. Maskini daktari akasukumwa humo, mlango ukafungwa. Fundi alijikuta analia machozi ya kweli. Mzee akaushika mkono wake. Viganja vilikuwa vimeloa jasho, na haikujulikana ni jasho la nani.

"Miaka yote nimetafuta mtu wa kutazama naye," mzee akasema, "mtu asiyefumba macho. Binti ni wako. Nimesema, na sirudi nyuma." Akapaza sauti. "Mama watoto! Njooni mumwone mkwe!"

Mlango wa jikoni ukafunguka ufa.

"Imekwisha? Hakuna damu tena?"

"Ingia bwana, tumeshamaliza."

Mama akaingia akijifuta mikono kwa aproni, binti nyuma yake akiwa ameziba uso kwa viganja. Mama akapita mbele ya televisheni, akasimama. Akainama. Akaisogelea.

"Haa! Kumbe mkanda wangu wa kuoka mkate mnao ninyi? Miaka miwili nautafuta!"

Mama akatia mkono kwenye mfuko wa aproni.

"Na wewe, baba watoto, shika miwani yako. Leo tena umeiacha juu ya friji."